Nyumba Ambayo Padri Hakuijenga

Padri hakuwahi kuketi nyumbani kwao. Kila alipokuja kumwona mama yake, kwenye vilima vya chai upande wa Nyamira, alisimama barazani na kofia ya pikipiki mkononi, akazungumza kupitia mlango ulio wazi kama mtu aliyekuja kuuliza njia. Mama yake alikuwa ndani akimenya ndizi. Alimkaribisha kiti, Padri akasema amekaa vya kutosha juu ya pikipiki. Alimkaribisha maji; Padri akasema amekunywa njiani. Wakishamaliza habari za mvua na za magoti ya mama, alichora ishara ya msalaba hewani, akageuka, akaondoka. Sisi watoto wa boma la jirani tulidhani mapadri wote ndivyo walivyo na mama zao.

Nyuma ya nyumba ya mama huyo palikuwa na nyumba ya pili, ndogo, ya udongo na mabati. Aliishi humo mwanamke aliyeitwa Kemunto pamoja na binti yake Moraa, ambaye ni rika langu, na Bosire, mdogo wake Moraa. Kijiji kizima kiliiita nyumba ya Padri. Padri hakuijenga, hakulala ndani yake, na watoto wale hawakuwa wa damu yake; hayo nayo yalijulikana na kila mtu. Hata hivyo ilikuwa nyumba yake.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala ukoo wake ulitoka mlima upi, maana hayo yanafanana na ya wengi wetu. Inatosha kusema kwamba mama yake alikuwa mjane, kwamba watoto wake wengine hawakuishi, na kwamba yule mmoja aliyebaki aliingia seminari. Kwetu Gusii nyumba isiyo na mke wa mwana hufa. Shamba huchukuliwa na binamu, na mwenye nyumba huzeeka bila mtoto wa kumtuma maji. Basi mama yule akafanya kama walivyofanya wajane wengi kabla yake: akatoa ng'ombe, akaoa msichana kwa ajili ya nyumba yake. Watoto ambao msichana huyo angezaa na mwanamume yeyote watakayepatana wangehesabiwa kuwa wa mwanawe.

"Sikumwolea Padri mke," aliwaambia wanawake wenzake kisimani. "Padri ana Kanisa lake. Mimi nimeiolea nyumba yangu."

Neno hilo lilitosha maadamu aliyelisema alikuwa hai. Lakini sote tulijua kwamba ingefika siku mtu asimame mbele ya watu amwulize Padri: huyu mwanamke ni wako, au si wako? Akikubali, angepoteza altare. Akikana, Kemunto na watoto wake wangepoteza boma, kwa kuwa mwanamke asiye wa mtu hawezi kukaa katika shamba la ukoo, na watoto wake ni wageni. Ninaandika habari za mtu aliyeishi karibu utu uzima wake wote akilingoja swali hilo.

Nilimfahamu zaidi Mosocho, alikokuwa na parokia. Mimi na Moraa tulisoma sekondari jirani na hapo, na kila Jumapili baada ya misa, wanafunzi waliotaka walibaki ukumbini kumsikiliza Padri akisimulia maisha ya wale aliowaita "wazee wetu wa Ulaya". Alikuwa amekwenda huko kusomea historia ya Kanisa, akarudi na kikohozi, koti zito, na visa vya maaskofu, mapadri na wamonaki waliokufa zamani sana, ambao aliwazungumzia kama majirani waliohamia Kericho juzi. Majina yao hakutupa. "Majina yatawasumbua," alisema, "na hakuna mtihani utakaoyauliza." Kwa hiyo tuliwajua kwa sifa zao: yule wa Ireland, yule mfupi wa Ujerumani, yule mzee wa Italia aliyeogopa mbwa.

Kila maisha aliyaanza na mwili. Huyu alikuwa na tumbo bovu. Huyu alikoroma hata wenzake wakahama bweni. Huyu aliogopa mashua, na alitumwa kisiwani. "Mtakatifu asiye na tumbo ni sanamu," alipenda kusema, "na sanamu haijawahi kumsaidia mtu kuamka asubuhi." Alichora ramani ya Ulaya kwa chaki sakafuni, akapanga mabenchi yawe milima, na aliyechelewa kuingia alijikuta akisimama baharini.

"Padri, Roma iko wapi?" msichana mmoja aliuliza.

"Iko chini ya kiatu chako. Sogea, Baba Mtakatifu apumue."

Kiswahili chake kilikuwa kile cha seminari, kilichonyooshwa na kupigwa pasi, na alikizungumza hata na wazee ambao wangependa awajibu kwa Ekegusii. Lugha ya nyumbani aliiweka kwa wagonjwa na kwa hasira. Alihubiri unyenyekevu kwa moyo wake wote, lakini ukimfunga kwenye drafti alizikusanya kete kabla hujamaliza kucheka, akasema mwanga ulikuwa hafifu. Aliyachukia masengenyo, hata hivyo hakuna kilichotokea kati ya Mosocho na Kisii mjini ambacho vijana wa bodaboda hawakumweleza kabla ya chai ya saa nne. Aliweza kumvulia mtu viatu vyake njiani, lakini gazeti lake hakumwazima mtu. Nayataja haya kwa sababu baadaye watu walimfanya kuwa ama shujaa ama mnafiki, na wa pande zote mbili hawakuwahi kucheza naye drafti.

Jumapili moja alitusimulia habari za yule wa Ireland. Alikuwa kijana, akaamua kuacha kwao aende kumtumikia Mungu ng'ambo. Mama yake alilia, akamsihi, na alipoona kijana amefunga mzigo, akajilaza kizingitini ili asipite. Kijana akamruka, akaenda zake, na hawakuonana tena.

Kwetu humruki mtu aliyelala, hata mdogo wako aliyesinzia kwenye mkeka, sembuse mama.

"Padri, huyo alilaaniwa," sauti ikasema kutoka nyuma.

"Hakulaaniwa. Alijenga monasteri Ufaransa, akajenga nyingine Italia."

"Basi laana ilichelewa tu barabarani."

Tulicheka, na Padri akacheka pamoja nasi hadi kikohozi kikamshika. Ndipo Moraa akasimama. Moraa hakuwa mtu wa kuuliza maswali pale; alikaa karibu na dirisha, akasikiliza, akaondoka.

"Na yule mama," akasema, "nani alimwinua?"

"Vitabu havisemi."

"Lakini hakubaki pale chini, Padri. Lazima kuna mtu alimwinua."

Padri alitazama saa yake. Kisha akasema saa imekwisha, ingawa haikuwa imekwisha, akaanza kurudisha mabenchi mahali pake yeye mwenyewe.

Mtu asidhani alikuwa mwoga. Kulikuwa na bibi kizee mmoja katika parokia yake, mjane aliyeishi peke yake, na mtoto wa jirani alipofariki, maneno yalianza. Kila anayetoka kwetu anajua maneno hayo na anajua yanakoishia. Asubuhi moja vijana walikusanyika njiani wakizungumzia kuichoma nyumba yake. Padri alikuja na kiti cha plastiki na mwavuli, akaketi mlangoni kwa yule bibi, akaanza kutafuna mahindi ya kuchoma.

"Padri, toka hapo," kiongozi wao alimwambia. "Hii si kazi yako."

"Kazi yangu nimeimaliza kwenye misa. Hapa napumzika. Keti na wewe."

Wakati wakisitasita aliwasimulia habari za yule mfupi wa Ujerumani, padri aliyepewa kazi ya kuwasindikiza motoni wanawake waliohukumiwa kwa uchawi. Aliungamisha wengi, akatembea nao hadi kwenye kuni, na mwishowe akaandika kwamba hakumwona hata mmoja mwenye hatia, na kwamba nywele zake zimekuwa nyeupe kabla ya wakati. Alisimulia polepole, akarudia palipotaka kurudiwa, jua likapanda, likashuka. Vijana waliondoka mmoja mmoja kwa njaa na kwa aibu.

Mtu huyo ndiye aliyeshindwa kukalia kiti cha mama yake mwenyewe.

Sababu yake niliipata kwa mama yake, aliyeisimulia mara nyingi na kila mara kwa furaha ileile. Kemunto aliletwa wakati Padri angali Ulaya, na hakuna aliyemwandikia. Aliporudi, alipanda kilima kwa miguu katika mvua, amechoka, amelowa, na akakuta mama yake amekwenda sokoni. Moshi ulikuwa ukitoka katika nyumba ndogo ambayo hakuifahamu. Msichana akatokeza mlangoni, akamkaribisha. Padri alidhani ni mke wa binamu yake aliyekuja kumsaidia mama kazi. Akaingia, akaketi karibu na moto, akapewa obokima, ugali wetu wa wimbi, pamoja na mboga chungu za chinsaga ambazo alikuwa hajazionja tangu aondoke. Alikula akashiba, akasifu mapishi. Kisha, kwa kuwa alikuwa padri mpya na mtu wa adabu, akasimama akaibariki nyumba.

Mama yake alimkuta akinawa mikono, na alikuja na wanawake wenzake wa sokoni. Walipiga vigelegele hata majirani wakatoka.

"Amekula kwa mkewe!"

"Mke wa nani?" Padri aliuliza, maji yakimchuruzika viganjani.

"Wako. Na umekula, na umebariki. Hawa wote wameona."

"Mama, nilidhani ni mke wa binamu."

"Na huyo uliyemdhania, ulimwuliza? Hukuuliza. Ulishiba."

Anayesoma haya mbali na kwetu anaweza kuona ni mzaha wa kina mama. Haukuwa mzaha. Mwanamume aliyeletewa mke anaweza kumkataa kwa kutovuka mlango wake. Akivuka, akala, shauri limekwisha, na hakuna mzee atakayemsikiliza akisema hakujua. Padri alilifahamu hilo kuliko mimi. Tangu siku ile hakula katika boma lile, hakunywa, hakuketi. Miaka yote hiyo alikuwa akijaribu kukitapika chakula kimoja.

Nilimwuliza juu ya mambo haya mara moja tu, tena kwa kuzunguka. Nilikuwa chuo kikuu, na katika kusoma kwangu nilikutana na habari za askofu mmoja wa zamani sana huko Ufaransa, wakati ambapo mwanamume mwenye mke aliweza kuchaguliwa askofu kwa sharti kwamba waishi kama ndugu. Askofu huyo alimwacha mkewe katika nyumba nyingine. Mke alivumilia, kisha siku moja akaja akagonga mlango na kulia kwa nini amefungiwa nje. Askofu akafungua. Wakapata binti. Likizo ilipofika nilimpelekea Padri habari hiyo kwa furaha ya mwanafunzi aliyegundua kitu ambacho mwalimu wake hakukifundisha. Alikuwa barazani kwake Mosocho akisoma gazeti.

"Umeisoma wapi?" aliuliza bila kuliteremsha.

"Maktaba. Kwa nini hukutusimulia hii, Padri?"

"Kwa sababu mngeipenda."

"Hilo ni kosa?"

Aliteremsha gazeti. "Wale wagumu hawamdhuru mtu. Aliyemruka mama yake, nani kati yenu alitoka ukumbini akitaka kuwa yeye? Hata mmoja. Lakini huyu aliyefungua mlango, kila mtu anatamani kuwa yeye. Mimi mwenyewe…" Akakatiza hapo. Akanitaka nimsalimie mama yangu, akasema shairi alilonifundisha ukumbini nilipokuwa kidato cha pili bado nalikosea, jambo lililokuwa kweli, na mazungumzo yakaisha.

Moraa hakuwahi kumwita kwa jina lingine ila Padri. Shuleni wenzetu waliomjua walimtania. "Wewe unaungamaje?" walimwuliza. "Unasema, nisamehe baba, au nisamehe Baba Padri?" Moraa alijibu kwamba anakwenda kuungama parokia nyingine, ambako padri ana watoto wachache zaidi. Alikuwa na ulimi. Lakini tukiwa wawili aliwahi kuniambia kwamba alipokuwa mdogo alidhani kila mtoto ana baba wa namna hiyo, anayefika barazani kwa nyanya, anasema neno na kwenda, na kwamba alishangaa kuona wangu anaingia ndani na kuvua viatu. Alisema bila huzuni, kama mtu anayeeleza mvua ya kwao.

Nyanya yao alipokufa hakuna aliyeuliza kitu. Padri alimzika mama yake kwa ibada ndefu, na Kemunto akabaki mwenye boma, mwanamke mwenye mabega mapana aliyechuma chai haraka kuliko wote, na ambaye sauti yake katika kwaya ya kina mama ilizizima nyingine zote. Swali lilisubiri. Liliulizwa siku ya maziko ya Kemunto mwenyewe.

Aliyeliuliza ni binamu yake Padri, mzee mwenye duka la pembejeo sokoni, ambaye shamba lake lilipakana na la Kemunto na ambaye kwa miaka mingi alikuwa ameutazama ule mpaka. Jeneza lilikuwa chini ya hema. Kaburi lilikuwa limechimbwa kando ya nyumba, upande wa mke. Padri kijana kutoka parokia jirani aliongoza ibada. Padri wetu alichelewa. Alikuja na lile koti lake zito, bila stola shingoni, akasimama nyuma karibu na ua. Nilimwona Moraa akimwona, kisha akageuza uso.

Waliozungumza walipomaliza, yule binamu akachukua kipaza sauti. Alisema yeye ni mtu wa amani. Alisema hana neno na marehemu. "Ila kaburi limechimbwa upande wa mke, nami nauliza, mke wa nani? Mwenyewe yupo pale nyuma. Asogee atuambie. Kama si wake, tumrudishe huyu mama kwa wazazi wake, na watoto wake wamfuate. Kama ni wake, basi nitakuwa wa kwanza kunyamaza."

Wazee walimwita Padri. Alisogea. Watu waliinua simu zao. Bosire alikuwa ameshika koleo, na mikono yake ilikuwa imekaza mpini kama mtu anayetaka kuutumia kwa kazi nyingine.

"Mama huyu aliolewa katika nyumba ya mama yangu," Padri alisema kwa Ekegusii, na kulikuwa na mshtuko kidogo kumsikia mbele ya umati akizungumza lugha hiyo. "Mwana wa nyumba hiyo ni mimi peke yangu. Kwa desturi yetu watoto wake ni wangu, na boma hili ni lao. Atakayewagusa amenigusa."

"Kwa hiyo ni mke wako," binamu akasema.

"Ni mke wa nyumba yangu."

"Nyumba haioi, Padri. Mwanamume ndiye anayeoa. Watu wanataka kusikia neno moja. Ni mke wako? Ndiyo, au la?"

Nadhani aliwatazama Moraa na Bosire, ingawa sina hakika. Huenda alikuwa akitazama udongo.

"Ndiyo," alisema.

Akainama, akachukua udongo, akautupa kaburini kwanza, kabla ya wengine, kama mume anavyofanya. Kemunto akazikwa alipochimbiwa, na tangu siku hiyo hakuna aliyeugusa mpaka wa shamba lile.

Video iliyosambaa ilikuwa fupi. Desturi haikuwemo, mama yake hakuwemo, na binamu hakuonekana. Kulikuwa na swali na lile neno tu. Kabla ya jioni lilikuwa limefika Kisii mjini. Muuza simu mmoja huko Nyanchwa, Msabato, aliwaonyesha wateja wake huku akicheka: "Heri wachungaji wetu, wao huoa mchana." Wakubwa wa Padri walimwita, wakamsikiliza kwa muda mrefu, wakamwambia apumzike. Hawakumdharau, nadhani hata walimwelewa. Lakini waumini waliokuwa na video mfukoni hawangeweza kufundishwa desturi ya wajane mmoja baada ya mwingine, na wengi walioijua vyema desturi hiyo walikuwa wakali kuliko wageni. "Tunajua si mke wake," mama mmoja wa Mosocho aliniambia kwa uchungu. "Ndiyo maana inauma. Alisema uongo mbele ya jeneza." Nilimjibu kwamba alisema kweli. Tukabishana hadi chai ikapoa, na sijui hadi leo ni nani kati yetu aliyeshinda. Mtu anaweza kusema kweli ambayo kila anayeisikia anasikia kitu kingine, na inawezekana anawajibika pia kwa kile walichosikia.

Alihamishiwa nyumba ya mapadri wazee pembezoni mwa mji. Hakusimulia tena maisha ya mtu yeyote. Nilipomtembelea alizungumza juu ya bei ya ndizi na ubovu wa taa za barabarani, na nilipomtajia wale wazee wetu wa Ulaya alipunga mkono, kana kwamba ni watu waliomkosea.

Mara ya mwisho nilimwona mwaka huu. Nilikuwa nimekwenda kumwona mama yangu, nikavuka ua kumsalimia Moraa, ambaye siku hizi anakaa pale na kuchuma chai pamoja na Bosire. Tulikuwa barazani tukichambua mboga, mikono yetu imekuwa kijani, bodaboda iliposimama kwenye lango. Padri akashuka kwa shida. Alikuwa amekonda hata koti lilionekana kama limetundikwa.

"Bwakire, Moraa," alisalimu.

"Bwakire, Padri. Karibu."

Hakuja tulipokuwa. Alikwenda moja kwa moja hadi kaburini kwa Kemunto, akasimama akitazama nafasi tupu iliyo kando yake, upande wa mume. Moraa aliweka ungo chini, akamfuata, nami nikafuata.

"Wazee wa ukoo walikuja kuniona," Padri akasema. "Wanasema nikifa nilazwe hapa. Na wenzangu wana makaburi yao kule misheni. Pande zote mbili wanangoja niwajibu."

"Na wewe unataka nini?"

"Nimekuja kukuuliza wewe. Boma ni lako." Alikohoa, akangoja kikohozi kiishe. "Kama mama yako angetaka nije, nitakuja. Nina deni la kumwomba msamaha. Alikaa hapa maisha yake yote kwa jina langu, akingoja mtu ambaye…"

"Padri," Moraa akamkatiza, kwa upole. "Mama hakuwa akikungoja."

Padri akageuka kumtazama.

"Alikuwa na chai yake, na kwaya yake. Alikuwa na sisi. Alikuwa na mtu wake, na wewe unamjua, hata siku ya maziko alikuwepo, alilia nyuma ya jiko. Jina lako lilimfaa kama ua unavyofaa boma. Halikumpendeza, halikumchukiza."

"Nilidhani nimemfungia maisha."

"Ulimfungia kwa ufunguo gani?" Alisema hivyo, kisha nadhani akamwonea huruma, kwa sababu sauti yake ilishuka. "Neno ulilosema siku ile lilituokoa, mimi na Bosire, na tunalijua lilikugharimu nini. Asante. Sijawahi kukuambia. Lakini usije ukalala hapa ukidhani unamlipa mama. Hakuna deni. Lala unakotaka."

Sijui nilitegemea kuona nini usoni mwake. Alikuwa kama mzee aliyebeba mzigo mzito umbali mrefu kumpelekea mwenyewe, akafika, akaambiwa mwenyewe hakuwahi kuupoteza. Dereva wa bodaboda alipiga honi. Padri akainua mkono kumwambia angoje. Alitazama kaburi, si ile nafasi tupu tena, kaburi lenyewe, na tulisimama hivyo hata nikaanza kufikiri nimsaidie kurudi langoni.

"Moraa," akasema kwa Ekegusii. "Mama yako aliugua muda mrefu?"

Kwa miaka yote niliyomfahamu sikuwahi kumsikia akiuliza lolote juu ya Kemunto. Moraa alijifuta mikono kwenye leso, akamsogelea, akaanza kumweleza.